Adongo hakufeli, hesabu vizuri

Kila nikitaja Daniel Adongo pale base, lazima msee aulize, "Si ni yule alifeli Marekani?" Nimechoka kujibu. Wacha niandike mara moja.

Adongo ni kijana wa Nairobi. Raga ilimtoa hapa ikampeleka Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 23, Indianapolis Colts wakamsaini. Hiyo ni timu ya NFL, ile futiboli ya Wamarekani ya kuvaa helmeti. Sasa shika hapa: hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya huo mchezo. Wenzake waliuanza wakiwa watoto, wakaupitia shule ya upili, wakaupitia chuo kikuu, ndio wakafika. Yeye alishuka kwa ndege na mwili na mbio zake tu.

Kwa raga ukiangushwa, mchezo unaendelea. Kule kila baada ya sekunde chache wanasimama, wanapanga upya, na kila mpango una jina lake. Ni kitabu kizima cha kukariri, na makocha hawana muda wa kungoja mtu ajifunze alfabeti.

Walimweka kwanza kikosi cha mazoezi. Sisi wa Reuben hiyo hatuhitaji kuelezewa. Ni kama vijana wanaodamka saa kumi na moja kusimama kwa geti za viwanda Industrial Area, wakingoja kunyooshewa kidole. Wiki nzima unafanya mazoezi na wenzako, siku ya mechi hauvai jezi. Na unaweza kuambiwa uende saa yoyote. Kikosi chenyewe kilikuwa na nafasi 53, kwa hivyo wewe kuingia, mtu lazima atoke.

Disemba 2013 kidole kikamnyookea. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Kazi yake ilikuwa hivi: mpira ukipigwa mbali, anachomoka mbio kumwangusha aliyeudaka. Ni sekunde chache na hakuna anayekuimbia. Lakini kukimbia na kuangusha mtu, hiyo alikuwa ameijua tangu raga.

Mechi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na 2015 akaachiliwa. Ya maisha yake baada ya hapo watu wameyapakia vya kutosha. Mimi siongezi, hata kama najua huzuni ya mtu huleta watazamaji kuliko hii posti.

Kinachoniuma ni hesabu. Chama cha wachezaji wa NFL chenyewe husema wastani wa kudumu huko ni miaka mitatu na kidogo. Wastani! Na hao ni watu waliolelewa na huo mchezo. Adongo alikaa miwili akianzia sufuri.

Mimi karo ilinitoa chuo mwaka wa pili. Mtaani naitwa "yule aliacha". Hakuna anayetaja semesta nne nilizomaliza, na kuhariri video nilijifunzia huko huko.

Juzi nilimwonyesha binamu yangu mdogo, bonge la kijana anayecheza raga shuleni, jinsi huo mpira wa kuanzisha unavyopigwa. Akauliza kama mtu anaweza kuchukuliwa bila kupitia chuo cha Marekani. Nikamwambia tangu 2017 NFL ina mpango wa kutafuta na kufundisha vijana wa nchi za nje. Adongo alifika kabla hiyo ngazi haijawekwa.

Hakusema kitu. Akairudisha video mwanzo.