Shika Nne Tu



Leo nasema na wewe ambaye mambo yamekuwa mengi mpaka hujui uanzie wapi. Ada ya watoto, deni la chama, mgonjwa hospitalini, karatasi za shamba zinazosubiri sahihi yako. Kila moja inakuita, na zote zinaita kwa pamoja.

Tangu mume wangu alale, mimi pia nimekuwa hapo. Wengi wenu mlikuja kuketi nami, na Mungu awakumbuke kwa hilo. Lakini wageni wakishaenda, jioni huwa ndefu. Dada mmoja wa kanisa letu, aliyeishi Ubelgiji miaka kadhaa, alikuja na mto mgumu na furushi la vijiti. Akasema, "Mchungaji, keti nikufundishe kusuka lesi."

Kama akina mama wengi, nimefuma vitambaa vya viti kwa kroshia tangu ujana wangu. Kroshia ni sindano moja na uzi mmoja. Hii ni kazi nyingine kabisa. Kila uzi umezungushiwa kijiti chake cha mbao, chembamba kama penseli, nacho huitwa bobini. Usifikirie ile ya cherehani. Bobini hizi hufanya kazi mbili mbili. Juu ya mto hubandikwa karatasi ngumu yenye mchoro wa matundu, na kila tundu litapokea pini yake.

Ni ufundi wa kale. Kitabu cha mifano yake kilichapwa Venice mwaka 1557. Kingine kikatoka Zurich mwaka 1561, na aliyekiandika ni mwanamke tunayemjua kwa herufi R.M. tu. Kule Idrija, Slovenia, shule ya lesi iliyofunguliwa mwaka 1876 ingali inafundisha watoto hadi leo.

Mimi nilianza na jozi nane, yaani bobini 16. Zilipopangwa mbele yangu kama mwavuli uliofunguliwa, moyo ulishtuka. Nitazifuataje zote? Mwalimu wangu akasogeza 12 kando. Akasema, "Shika nne tu."

Sikiliza, mpendwa. Hata kazi kubwa yenye mamia ya bobini husukwa nne kwa wakati mmoja. Na mwendo ni wa aina mbili tu. Zihesabu kutoka kushoto: moja, mbili, tatu, nne. Kupishanisha ni kuvusha ya pili juu ya ya tatu. Kusokota ni kuvusha ya pili juu ya ya kwanza, na ya nne juu ya ya tatu. Pishanisha, sokota, pishanisha: hapo umepata mshono mzito kama kitambaa. Ukiishia pishanisha, sokota, unapata wavu mwepesi. Maua na majani yote unayoyaona kwenye lesi yanatokana na hayo mawili.

Na namba ni ya nafasi, si ya kijiti. Kila baada ya mwendo unahesabu upya. Ile iliyokuwa ya pili sasa ni ya tatu, nawe huifuati kwa macho kule ilikotoka. Kwangu mimi mjane, somo hilo lilikuwa zito. Nafasi yangu nyumbani imebadilika, nami sharti nihesabu kuanzia hapa nilipo.

Zile 12 zilizo kando hazijatupwa. Zimelala kwenye mto, uzi wake umekazwa, zinangoja zamu. Wala kilichokwisha kusukwa hakifumuki, kwa sababu pini imekishika. Pini haichomolewi mapema. Unasonga mbele kwanza, nyuzi zishikane zenyewe, ndipo unatoa zile za nyuma kabisa na kuzichoma mbele. Siku lesi inapotoka kwenye mto, hakuna pini hata moja ndani yake, na bado inasimama.

Kwa hiyo usimwonee haya anayekushika sasa. Yule anayekupigia simu kila asubuhi, yule jirani anayekuletea maziwa, ni pini yako. Usiharakishe kumwambia kwamba umepona. Na ukiona aliyefiwa ameanza kutabasamu, usimwache hapo hapo. Nyuzi zake bado ni mbichi.

Leo usiku chukua karatasi uandike yote yanayokuita. Kisha chagua manne ya kesho. Mengine yaache yalale, si kwa kuyadharau, bali kwa sababu zamu yake haijafika. Yule aliyeuchora mchoro anajua kila uzi ulipo.

Mimi nimefikisha urefu wa kidole changu. Ni kidogo, lakini kimeshikana.

Nne zako za kesho ni zipi? Niandikie hapa chini nikuombee.

Ubarikiwe sana.