Presha ya oili: Brussels na barabara ya Walikale

Land Cruiser ya 1992 yenye moteri ya 1HZ, ukiikuta hapa Ubelgiji, ni gari la kutembezwa Jumapili jua likiwaka. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, gari likishafika miaka 30 laweza kuhesabiwa kuwa la kihistoria. Hiyohiyo, kwetu mashariki mwa Kongo, kwenye njia ya Sake, Masisi hadi Walikale, pale vita vinaporuhusu kupita, inabeba magunia ya maharage na abiria juu yake. Presha ya oili inashuka kotekote.

Fundi wa huku hafungui kitu kabla ya kupima. Anatoa swichi ya presha kwenye bloku, anafunga geji mahali pake, anaacha moteri ipate moto, ndipo anasoma. Kwa moteri nyingi za zamani, bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika inatosha. Pengine kumbe ni swichi tu iliyokufa.

Kwetu fundi anachomoa kijiti cha oili, anaisugua kati ya vidole, anainusa. Ikinuka mazuti, imeshakuwa nyepesi. Kisha anategea sikio mlio mzito wa beringi chini ya moteri. Siudharau ujuzi huo, maana na barabara anaijua. Kwenye milima ya Masisi, oili pungufu hukimbilia upande mmoja wa karta (bakuli la oili chini ya moteri), pampu ikavuta hewa, taa ikawaka; gari likifika tambarare, taa inazimika. Huko chini, kwenye joto la msitu wa Walikale, gari likihangaika na matope kwa gia ya kwanza, oili hulegea na mshale wa presha hushuka hata kama moteri ni nzima.

Ninachopinga ni dawa yetu: kumimina oili nzito zaidi, au kukata waya wa taa ili safari iendelee! Oili nzito huinua mshale, lakini hairudishi beringi iliyolika, na asubuhi ya baridi ya Masisi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Afadhali kushusha karta na kuosha chujio la pampu, ambalo huziba kwa uchafu mweusi wa oili iliyopitisha muda.

Ndugu wa diaspora, mnaotuma pistoni na pampu, ongezeni geji ya presha na viungio vyake. Inaingia mfukoni, na bei yake haifiki gharama ya kusaga krenkshafti moja.