Umeyamwaga Maji ya Tangi?

Wengi waliosoma chuoni kwangu hapa Chunya leo ni madereva wa malori. Huupanda mlima na shehena ya tumbaku, kisha huteremka upande wa pili kuingia Mbeya. Kabla ya safari huja kuombewa dua. Dua nawaombea, lakini kwanza huwauliza: umeyamwaga maji ya tangi?

Wengine hucheka. Kompresa huishindilia hewa katika matangi, na hewa hiyo ikipoa unyevu wake hugeuka maji. Yasipofunguliwa kila siku hula chuma na kuharibu vali. Ni kazi ya dakika chache, hata utingo aiweza.

Swali waniulizalo mara nyingi ni hili: "Sheikh, geji ilionyesha upepo umejaa, mbona breki zilikataa?" Fahamu kwamba upepo husukuma fimbo tu, fimbo huzungusha mkono, na viatu vya breki vikabana ngoma ya gurudumu. Dereva akikanyaga breki mteremko mzima, ngoma hushika moto, ikatanuka na kuvikimbia viatu. Fimbo nayo ina mwisho wa mwendo wake. Ikiwa breki hazikukazwa siku nyingi, itafika ukomo kabla viatu havijabana. Geji itasoma ratili 100 kwa inchi ya mraba, na lori litazidi kwenda! Kwa hiyo gia ndogo huingizwa kileleni, si katikati ya mteremko.

Breki ya mkono ni mambo mengine: hiyo hubanwa na springi, upepo ndio unaoiachia. Fikra ya breki kujifunga upepo ukitoroka ni ya zamani; George Westinghouse wa Marekani aliipatia hataza ya treni mwaka 1872.

Sasa nije kwako, mwenye lori. Wamwambia dereva, "Nenda hivyo hivyo, tutatengeneza ukirudi." Likipinduka wasema ni majaaliwa. Je, majaaliwa ndiyo yaliyokukataza kununua viatu vipya?

Mwaka jana kijana mmoja alikataa kuondoka mpaka breki za tela zikazwe. Tajiri wake akampa mwingine ufunguo. Kijana yule sasa anabeba mizigo sokoni, naye alinijia kuuliza kama alikosea. Nilimwambia hakukosea. Namtafutia gari lingine, na mpaka leo sijalipata.