Binti wa Mkulima wa Zabibu Aliyekuwa Akiuza Waini ya Sauzi Singida Mjini

Wadau wa Singida Mjini wanamfahamu huyu dada kwa sura, jina tuliache. Ni msimamizi wa kaunta ya vinywaji kwenye hoteli moja ya wastani, zile ambazo jioni zinajaa watumishi, wafanyabiashara wa alizeti na wasafiri wa Mwanza walioamua kulala njiani. Mpole, anacheka na kila mtu, na wateja wanamtania kwamba ni Mgogo aliyekuja kufuata kuku wa kienyeji akakosa nauli ya kurudi.

Ambacho wengi hawakijui ni kwamba baba yake ni mkulima wa zabibu Hombolo, Dodoma. Ada yake ya sekondari ilitoka kwenye zabibu, na hata bati la nyumba yao ni zabibu. Ila kwa miaka minne aliyokaa kaunta, chupa alizokuwa anamimina karibu zote zilitoka Afrika Kusini. Mteja akiuliza waini, anataka ya Sauzi. Ukimtajia ya Dodoma anakunja uso: "Hiyo ya kuumiza kichwa? Niache bwana." Na yeye alikuwa anaacha kweli, biashara ni biashara.

Mwaka jana mwezi wa nane baba akapiga simu. Zabibu zimeiva, mnunuzi aliyeahidi kuja haonekani, na yule mwingine anataka kwa bei ya kutupa. Mtama ukikosa soko unauweka ghalani, unasubiri. Zabibu iliyoiva haikusubiri hata wiki, sukari inapanda, ndege wanashuka, nyuki nao hawako mbali. Mzee akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia mvua: "Mwanangu, msimu huu ukiisha nang'oa. Napanda alizeti kama hao wakwe zako."

Dada hakulala. Mzabibu haung'olewi kama mhindi ukapanda tena mwezi ujao, ni miaka mingine ya kusubiri mpaka uzae vizuri.

Sasa hapo ndipo alipoanza kuijua waini ya nyumbani, maana ukweli alikuwa haijui. Alikuwa anajua zabibu, akajua na bei ya chupa, lakini katikati hapo giza. Akaagiza chupa chache kutoka Dodoma kwa hela yake mwenyewe, nyekundu kavu, nyeupe kavu na ile tamu, akawa anaonja kidogo kidogo baada ya kufunga kaunta. Nyeupe aliielewa haraka. Inatokana na zabibu ya Chenin Blanc, hiyo hiyo wanayoilima sana Sauzi, kwa hiyo anayeidharau ya Dodoma na kuisifu ya kule ana maswali ya kujibu. Nyekundu ilimsumbua. Zabibu yake inaitwa Makutupora, jina la hapo hapo Dodoma, na ukiinywa kwenye joto la kaunta inakuwa nzito na inakwaruza koo.

Aliyemfungua macho ni mgeni, mzee wa Kiitaliano aliyekuwa anakagua mitambo fulani mkoani na kulala hotelini wiki mbili. Anatoka Modena, kwenye tambarare la mto Po. Kiswahili chake cha kuunga unga, lakini cha chakula kilikuwa safi. Akaeleza kwamba kwao kuna waini nyekundu yenye mapovu, Lambrusco, na inanyweka ya baridi, tena na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Waini ya watu wa kawaida, ya mezani, haina maringo. Akaomba ile nyekundu ya Dodoma iwekwe kwenye friji nusu saa, akaagiza na kitimoto cha kukaanga. Dada akaonja. Ukali ulikuwa umetulia, mafuta ya nyama yanafyonzwa, na koo halikwaruzwi.

Yule mzee alishangaa zaidi aliposikia Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kwao ni mara moja tu, baridi ikiingia mzabibu unalala. Na alipoambiwa kwamba wamisionari kutoka Italia ndio waliopanda zabibu Bihawana, wakitaka divai ya misa, akacheka na kusema basi hawa ni ndugu waliopotezana.

Dada akaanza ujanja. Ijumaa anafunga chupa mbili kwa gazeti, moja ya Sauzi, moja ya Dodoma, anawamiminia wateja waliozoea kubisha. Kuna bosi mmoja wa idara fulani, mtu wa "mimi nakunywa ya Sauzi tu", alichagua nyeupe ya Dodoma mara mbili mfululizo. Gazeti lilipofunguliwa akasema glasi hazikuoshwa vizuri. Nyekundu haikushinda hivyo, tusidanganyane. Nusu ya watu waliikataa hata ikiwa ya baridi, na ile tamu waliipenda zaidi wale ambao hata hivyo wangekunywa soda.

Kufikia mwezi wa kumi na moja hoteli ilikuwa inauza chupa nane za Dodoma kwa wiki. Akampigia baba kwa furaha. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Chupa nane hizo ni kilo ngapi za zabibu?" Wakapiga hesabu pamoja kwenye simu. Kilo kumi na kidogo. Shambani mzee huwa anatoa tani tatu kwa msimu.

Kimya kilichofuata, anasema, kilikuwa kirefu mpaka akadhani salio limeisha.

Kilichomsaidia mzee ni matangi. Dada na kaka yake walichanga, mzee na majirani wawili wakakodi nafasi kwa msindikaji mdogo hapo hapo, zabibu zikakamuliwa siku ile ile ya kukatwa na kuhifadhiwa kama mchuzi wa zabibu. Mchuzi unaweza kumsubiri mnunuzi, na bei mnaongea mkiwa mmekaa. Msimu wa mwezi wa tatu mwaka huu hawakuuza wote, lakini hakuna kilichooza.

Mzee aling'oa mistari sita tu, ile ya chini inayotuamisha maji, na alizeti ipo hapo sasa. Mingine ameiacha. Alipokuja Singida kuona wajukuu, binti akamwekea ile nyekundu ya baridi na kuku wa kienyeji. Akanywa nusu glasi, akaigeuza chupa akisoma karatasi yake, kisha akauliza wanaiuza shilingi ngapi. Alipotajiwa, akaomba arudiwe.