Mji Uliolelewa na Kungoja

Miji ya pwani, kama walivyo wanadamu, hulelewa na kazi zake. Upo mji uliolelewa na jumba la mfalme ukajifunza kuamuru. Upo uliolelewa na bandari ya kina kirefu ukajifunza haraka. Pangani, mji mdogo ulio kama kilomita 50 kusini ya Tanga, ulilelewa na kungoja. Atakaye kuufahamu hana budi kuanza hapo, kwa kuwa biashara yake, vita vyake na hata adabu ya watu wake vimetokana na tabia hiyo moja.

Mwalimu wa kwanza wa tabia hiyo ni mto. Mto Pangani huanza kwa maji ya Kilimanjaro na Meru, ukashuka kama kilomita 500 kupita nyika na mashamba, hata ukaifikia bahari kati ya mji wenyewe, ulio ukingo wa kaskazini, na Bweni, iliyo ng'ambo ya kusini chini ya kilima. Mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga. Maji yakipwa, chombo chenye shehena hakipiti. Hutia nanga nje na kungoja maji yajae. Kwa hiyo nahodha wa Pangani huhesabu siku za mwezi kabla ya kuhesabu fedha za nauli. Ajua kwamba wakati wa bamvua maji hupanda sana na kupwa sana, na kwamba siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Asiyelijua hilo huishi na chombo chake juu ya mchanga, akitazamwa na watoto wa mji wote.

Juu ya maji kulikuwa na pepo. Kaskazi ilileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi, na Kusi ikavirudisha kwao. Baina ya pepo hizo mbili mgeni hakuwa na la kufanya ila kukaa. Na nchi kavu nayo ilikuwa na ngoja zake. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa njia ya misafara iliyokwenda Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu. Msafara haukuondoka kwa siku moja. Wapagazi walitafutwa, nguo na shanga na nyaya zikapimwa na kufungwa mitumba, na mvua zikangojwa zipite. Richard Burton na John Speke walifika Pangani mwaka 1857, kabla ya safari yao kubwa ya kwenda Tanganyika, wakapanda hata Fuga katika milima ya Usambara na kurudi wakiwa na homa. Wao pia waliingia katika orodha ndefu ya wageni waliolazwa na mji huu.

Angojaye huhitaji mwenyeji. Huhitaji mahali pa kulala, chakula, mtu wa kumdhamini, na pengine mke. Hivyo kungoja kwa wageni kulikuwa riziki ya wenyeji, na zaidi ya riziki kulikuwa chanzo cha jamaa. Washirazi wa zamani, Wazigua na Wabondei wa mashamba ya karibu, Wasegeju, Waarabu waliotoka Umani na Wahindi wenye maduka walikutana hapa kwa deni na kwa ndoa, kwa karamu na kwa mashindano ya ngoma. Heshima ya mtu mkubwa ilipimwa kwa wingi wa wale aliowalisha. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi karamu hizo zilivyokuwa pia uwanja wa ugomvi: mgeni wa jana alitaka kuwa mwenyeji wa leo, na mtumwa alidai nafasi yake katika ujamaa wa mji. Baraza ya Pangani, basi, ilikuwa mahali pa mapumziko na pia mahali pa madai.

Ni dhuluma kuusifu mji huu kwa ukarimu bila kuwataja waliongojeshwa pasipo hiari. Bonde la mto lilikuwa na mashamba ya miwa, na kazi ya kukata miwa na kupika sukari ilifanywa na watumwa. Kazi hiyo ilikuwa kali kuliko kazi nyingi za pwani, kwa maana mua uliokatwa haungoji. Hapo palikuwa mahali pekee ambapo Pangani ilijua haraka, na haraka hiyo ililipwa kwa jasho la wengine. Wengi walitoroka, na watoro wakafanya makao yao wenyewe, mengine si mbali na mji. Husimuliwa hata leo kwamba chini ya nguzo za Boma la kale walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame imara. Msimuliaji hana hati ya kuonyesha. Lakini mji usiokuwa na kumbukumbu ya dhuluma usingeihifadhi hadithi ya namna hiyo kizazi baada ya kizazi, na mwenye hekima huisikiliza kama ushahidi wa moyo, hata kama hauwezi kuwa ushahidi wa jiwe.

Mwaka 1888 ulikuja mgeni asiyejua kungoja. Kwa mkataba wa Aprili mwaka huo Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Wajerumani, nayo ikaanza kutawala mwezi wa Agosti. Mjumbe wake Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe mara moja, na amri yake itangulie ya liwali. Mwezi wa Septemba watu wa mji pamoja na watu wa mashamba walikuwa wamekwisha kuwazuia Wajerumani katika nyumba yao. Sultani akampeleka jemadari wake, Mwingereza Lloyd Mathews, naye akafaulu kuwatoa Wajerumani na kuwarudisha Unguja, lakini yeye mwenyewe hakukubaliwa kukaa. Ndipo uongozi wa vita ulipomwangukia Abushiri bin Salim, mwenye shamba karibu na Pangani.

Vita vile vimeelezwa katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, na wasomi wa Kiswahili wanavijua kwa jina la Vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Linalostahili kuangaliwa hapa ni namna vilivyokwisha. Hermann von Wissmann aliiteka Pangani mwezi wa Julai 1889 kwa mizinga na askari wa kukodiwa, na Abushiri, baada ya kukimbilia bara na kusalitiwa, akanyongwa katika Pangani hii hii tarehe 15 Desemba 1889. Mji uliomlea ndio uliolazimishwa kumtazama. Nyundo naye hakuishi sana. Aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwezi wa Agosti 1891, baada ya kuingia na jeshi lake katika nchi asiyoijua.

Lakini pigo lililoushusha mji halikutoka katika mizinga. Lilitoka katika vyuma viwili vilivyolazwa chini. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Nusu ya safari yake inalifuata bonde la Mto Pangani, kana kwamba njia ya misafara ya kale imevalishwa chuma; ila mwisho wake umehamishwa. Shehena iliyokuwa ikingoja maji mlangoni mwa mto sasa ilipita mbali, ikaenda Tanga penye bandari ya kina. Katika mwaka ule ule wa 1893 mkonge wa kwanza wa nchi ulipandwa Kikogwe, jirani na Pangani, kutokana na miche 62 tu iliyosalia katika mzigo wa miche elfu ambao Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida. Mbegu ya utajiri ilichipuka hapa. Utajiri wenyewe ukaenda kukaa kando ya reli. Ni vigumu kuona mfano ulio wazi zaidi wa mji kunyimwa mazao ya ardhi yake bila ya mtu yeyote kuutangazia vita.

Kilichobaki baada ya hapo ndicho Pangani inayoonekana sasa. Majumba ya kale yenye milango ya kuchongwa yanasimama kando ya mto, mengine yakikaliwa, mengine yakiliwa na mvua na mizizi ya miti. Nyuma ya mji imeenea minazi, na mnazi nao ni mti wa wenye subira: aupandaye hungoja miaka kadhaa kabla ya kuonja dafu. Hapana kipande chake kinachotupwa. Makuti huezekwa, makumbi huozeshwa majini yakatoa usumba wa kusokota kamba, nazi hufuliwa kwa kifuo na kukaushwa, na mgema hupanda asubuhi na jioni. Wavuvi hutoka kwa ngalawa na mashua, na majahazi huvuka kwenda Unguja. Mtu husalimiwa kwa urefu: kwanza shikamoo, kisha habari za nyumbani, kisha habari za safari, na haja yake huulizwa mwisho. Mgeni wa mjini mkubwa huona hayo ni kupoteza wakati. Mwenyeji huona kwamba asiyekuwa na wakati wa kumsalimu mwenziwe hana atakalolifanya na huo wakati alioubakiza.

Hata hivyo subira ina mpaka, na bahari haimngoji mtu. Mkabala wa Ushongo, kusini mashariki ya mji, lipo fungu la Maziwe. Wazee wanakikumbuka kisiwa chenye mivinje, kilichopandwa na kasa wengi kutaga mayai. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Hazikupita nyingi, miti ikaanguka na ardhi ikaliwa, na tangu miaka ya 1980 Maziwe ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yakijaa. Kasa hawajaambiwa. Wangali wanakuja kutaga pale pale, na watu wa pwani hufukua mayai na kuyahamishia ufukweni, yasije yakazama. Kazi hiyo hufanywa usiku na alfajiri, na faida yake haimrudii aifanyaye.

Mto nao umepungua nguvu. Juu yake yamejengwa mabwawa na mitambo ya umeme, Nyumba ya Mungu na Hale katika miaka ya 1960, na mtambo mpya wa maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Na mashamba ya kumwagilia ni mengi tangu Arusha na Moshi. Maji matamu yakipungua, maji ya chumvi hupanda mtoni, na mkulima wa ukingoni hukuta shamba alilorithi halikubali tena alichokuwa akikipanda baba yake. Umeme huo huwaka katika miji ya mbali; chumvi hubaki mlangoni. Ukuta umejengwa katika miaka ya karibuni kuzuia bahari isiumeze mji, na ni hisani kubwa, lakini ukuta hauzuii yanayotoka juu.

Katika hali hiyo limekuja suala la daraja. Tangu zamani njia ya kutoka Pangani kwenda Bweni na kusini ni kivuko, pamoja na mitumbwi. Kila gari lilingoja, na penye magari yanayongoja pana samaki wa kukaanga, madafu, karanga na maneno. Katika miaka hii ya 2020 ujenzi wa daraja lenye urefu unaozidi mita 500 ulianza, likiwa sehemu ya barabara ya pwani itokayo Bagamoyo kupita Saadani hata Tanga. Wapo wanaolihofia, wakisema kwamba mgeni asiyengoja hatanunua, na asiyenunua hatajua hata jina la mahali alipopita. Hofu hiyo si ya kijinga, kwa kuwa mji huu umekwisha kuona reli.

Lakini haki inataka isemwe na upande wa pili. Mama wa Bweni aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, kivuko kimelala, hakuuona uzuri wa kungoja. Mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa sababu ya chombo kibovu hakujifunza subira. Alijifunza kwamba yeye ni wa ng'ambo. Kungoja ni adabu pale mtu alipokuchagua, au alipokuwekewa na mwezi na upepo, ambavyo havina upendeleo. Kungoja alikoandikiwa mnyonge peke yake ni mabaki ya lile shamba la miwa, hata kikipewa jina la utulivu. Daraja, kwa hiyo, ni deni linalolipwa, na si vizuri kumhuzunikia mdeni anapolipa.

Swali lililobaki ni la wenyeji zaidi kuliko la wahandisi. Zamani mto ulimshika mgeni mkono kwa niaba yao. Penye daraja, itawapasa wamshike wenyewe. Reli ilipojengwa hapakuwa na mtu wa Pangani aliyeulizwa shauri. Safari hii wapo madiwani, walimu, vyama vya wavuvi na vijana waliosoma, nao waweza kusema ni nyumba zipi zisianguke, ni soko lipi lihamie kando ya barabara, na ni historia ipi iandikwe kabla wazee hawajaondoka nayo. Wakinyamaza, gari litapita juu na vumbi litashuka chini.

Na fungu la mlangoni liko pale pale. Daraja hupita juu ya mto. Haliondoi mchanga uliowekwa na mto na bahari kwa mapatano yao. Jahazi litokalo Unguja na shehena lingali litatua tanga nje ya mlango, nahodha atautazama mwezi, na mabaharia wataweka chungu motoni mpaka maji yajae.