Mvua, Mteremko na Sanduku Jekundu

Mvua inaporudi mwezi wa tisa tunafurahi kwa ajili ya maharagwe, na kwa maji ya bure yanayojaa pipa. Mimi pia nafurahi. Lakini ninaishi Kadutu, kwenye mteremko, na mvua ya usiku inaponyesha ninahesabu watoto gizani: wako wanne, wamelala wapi, na ukuta wa upande wa mlima uko karibu na nani.

Mji wetu wa Bukavu umekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia ziwani, na watu tumekuwa wengi. Nyumba zimepandana kama ngazi. Bati la jirani wa chini liko sawa na mlango wangu, na msingi wa jirani wa juu uko sawa na dirisha langu. Udongo wetu ni mfinyanzi mzito: ukikauka unapasuka, ukishiba maji unateleza. Huko Funu mlima unatembea polepole tangu miaka mingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na wenzao wa Ubelgiji wameupima. Watu wanaziba nyufa kwa sementi, na nyufa zinarudi.

Kuna na maporomoko yanayokuja kwa haraka. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya alhamisi, maji, matope na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Kati yao walikuwemo wamama waliotoka asubuhi na vikapu, kama sisi tunavyotoka.

Msimu wa mvua uliopita niliona ufa nyuma ya jiko langu, mwembamba kama kamba ya viatu. Nilipigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, nikafunga uzi kati yao. Kila jumamosi nilipima uzi ule. Jumamosi ya tatu ulikatika. Wakati uleule mlango wa chumba ukaanza kukwama, na mti wa parachichi ukainama kidogo kuelekea bonde. Hizo ndizo alama ambazo kila mama anaweza kuziona bila mashine: ufa unaopanuka, mlango unaokataa kufungwa, mti au nguzo inayoinama, chemchemi mpya inayotoka pasipokuwa na maji, na mto unaogeuka matope au kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hiyo ya mwisho ni mbaya kuliko zote, maana mara nyingi maji yamezibwa huko juu na yatashuka pamoja.

Nilimwambia baba watoto kwamba usiku wa mvua kubwa tusilale pale. Alinijibu neno ambalo wengi wenu mmelisikia: tukitoka, wezi wataingia. Na ni kweli, wezi wapo. Sikumshinda kwa maneno. Nilikwenda kwa majirani wanne, tukapatana hivi: mvua ikipiga zaidi ya saa moja bila kupungua, watoto wote wa nyumba tano wanapanda kulala kwa mama mmoja aliye juu kabisa, mahali pa tambarare, na wababa wawili kwa zamu wanakaa macho kwenye baraza lake na tochi, wakichunga nyumba zetu kutoka huko. Kila mtoto mkubwa anajua mdogo wake ni nani wa kushika mkono. Mara ya kwanza watu walitucheka na magodoro yetu kichwani. Mara ya nne, wale waliocheka waliuliza kama kuna nafasi.

Tumewafundisha watoto pia: ukisikia mlima unanguruma au mawe yanagongana, usikimbie kufuata bonde kuelekea chini, maana matope yana mbio kuliko wewe. Kimbia kwa upande, toka kwenye njia yake, upande mahali pa juu. Usirudi kwa ajili ya simu wala viatu. Na yakiisha kuporomoka usiende kutazama, kwa sababu mlima unaweza kushuka mara ya pili.

Halafu kuna njia za mkato. Katika milima ya theluji huko Ulaya, watu wanaoteleza juu ya theluji wana njia zilizowekwa alama, na kila siku ya msimu wanatangaziwa kiwango cha hatari, kuanzia 1 mpaka 5. Anayetoka nje ya alama anajua ameingia mahali ambapo theluji inaweza kumfunika. Wakilazimika kuvuka mteremko mbaya, wanavuka mmoja mmoja, ili ukishuka usiwachukue wote. Sisi hatuna mabango, lakini watoto wetu wanapita korongoni kila asubuhi kwenda masomo, kundi zima, kwa sababu barabara inazunguka. Mimi nimesema nyumbani: siku mvua imenyesha usiku, korongo limefungwa, hata kama mwalimu atawaadhibu kwa kuchelewa. Nikaenda kumwambia mwalimu mwenyewe. Alinielewa.

Jambo lililotutesa zaidi katika MUSO yetu ni maji ya bati. Maji ya nyumba kumi yakianguka mahali pamoja yanachimba mlima kuliko jembe. Dawa ni mfereji wa bati, bomba, na pipa, na maji yanayozidi yapelekwe kwenye mtaro uliojengwa kwa mawe, siyo kwa jirani. Niliomba pesa zitoke katika sanduku jekundu. Mnajua sanduku hilo ni la ugonjwa na kilio. Mama mmoja mzee alisimama akasema pesa ya kilio haiguswi, kwa sababu siku ya msiba hakuna atakayekumbuka mabomba. Mwingine akamwuliza: je, tunangoja kwanza maiti ndipo tufungue? Kulikuwa kimya kirefu.

Mwishowe sanduku jekundu halikuguswa. Tulitoa mkopo bila faida katika sanduku la kijani, nyumba kwa nyumba, kuanzia ile ya juu, kwa sababu maji yanaanzia juu. Saba zimekwisha kufunga mifereji. Jirani mmoja wa juu si mwanachama, na maji yake bado yanaanguka nyuma ya jiko langu. Jumapili iliyopita yule mama mzee aliyenipinga ndiye alikwenda kwake, na fimbo yake, kuzungumza naye. Alirudi akasema amekubali tumchimbie mtaro, lakini mawe tulete sisi.

Basi jumamosi hii tunabeba mawe. Mwenye karai aje nalo, saa moja asubuhi, kabla mvua haijaanza.