Tanga Lililoshonwa Nyashimo

Msafiri akitoka Bariadi kwa basi hadi Lamadi, kisha akashika kushoto barabara kuu iendayo Mwanza, hachelewi kufika Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega. Wengi hupita tu wakitazama madukani kupitia dirishani. Sisi akina mama watatu wa kanisani tulishuka, kwa kuwa tulialikwa kufundisha juu ya afya ya mtoto. Kipindi kilipokwisha mapema, mama aliyetukaribisha akasema, "Twendeni mwaloni, mkaone kazi yangu ya pili."

Mwalo ni pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa. Maji yale ni Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Victoria. Tulikuta dagaa wameanikwa, watoto wakifukuza kunguru, na mitumbwi ya mbao imelala ubavu. Siku hizi mingi ina injini, lakini petroli ina bei, na mwenye kipato kidogo bado anategemea kasia na tanga. Usiku huvua dagaa kwa taa. Mchana upepo wa ziwani ukianza kuvuma kuelekea nchi kavu, ndio unaowasukuma nyumbani.

Mwenyeji wetu alitandaza tanga la mumewe mchangani. Lilikuwa la pembetatu, limeungwa kwa viroba, na maandishi ya sukari bado yanasomeka. Zamani matanga yalishonwa kwa marekani, yaani kitambaa cha pamba. Tulicheka kidogo: mkoa wetu unasifika kwa pamba nchini, na tanga ni la plastiki! Lakini kiroba ni chepesi na hakinywi maji. Adui yake ni jua. Alitufundisha kukishika kwa vidole gumba viwili na kukivuta. Kikitoa unga na nyuzi kukatika, hakuna kiraka kitakachosaidia. Tanga la pamba huliwa na ukungu likikunjwa bichi. Kwa hiyo la pamba likaushwe kabla ya kukunjwa, na la kiroba lisiachwe juani bila kazi.

Tulimwuliza alianzaje kazi hii. Akanyamaza kidogo. Miaka michache iliyopita alikuwa ameliunga tanga hilo kwa cherehani, akatumia uzi wa pamba uliobaki kwenye sare za shule. Uzi ukaoza kabla ya kitambaa. Asubuhi moja, mumewe na kijana wao wakiwa mbali, mshono mrefu ukaachia kuanzia juu hadi chini. Walipiga kasia tangu asubuhi hadi jua kuzama. Dagaa wote wakaharibika. "Mimi nilisimama hapa hapa, mayu, na mtoto mgongoni," alisema, "nikijua ni mshono wangu."

Hapo hakuna kati yetu aliyejibu. Sisi wauguzi tunajua maana ya mshono kuachia.

Baadaye alikwenda kwa mzee mmoja fundi wa mitumbwi. Mzee alisita kwanza, akisema vyombo vya ziwani ni mambo ya wanaume, kisha akamwambia akae. Tulimsalimu mzee huyo, "Shikamoo, babu," naye akaitikia huku mikono yake ikiendelea na kazi. Siku hiyo walikuwa wanaziba tundu lililotobolewa na tanga kusugua mlingoti. Mama alikata kiraka kikubwa kuliko tundu, akakizungusha pembe, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kung'oka. Akapitisha kingo karibu na mwali wa mshumaa ili nyuzi zishikane zisifumuke. Kisha sindano ya magunia, uzi wa nailoni wa kutengenezea nyavu uliopakwa nta ya nyuki, na kipande cha ngozi kiganjani cha kusukumia. Alishona mistari miwili. Mwenzetu mmoja alipojaribu, akazibananisha hatua za sindano kwa bidii. Babu akamzuia: matundu yakikaribiana mno, kiroba huchanika hapo hapo kama karatasi ya stempu. Hata kwenye jeraha, uzi ukivutwa kupita kiasi hukata nyama.

Sehemu aliyokaa nayo zaidi ni pembe tatu, mahali kamba zinapofungwa. Nguvu yote ya upepo huishia hapo. Anaweka vitambaa vitatu, kimoja juu ya kingine, na kuzungusha kamba nyembamba ukingoni mwote. Kila Jumamosi hulikagua tanga lote kwa macho na vidole, na katika mtumbwi huwekwa sindano, uzi na kiraka ndani ya kopo lenye kifuniko.

Jioni mumewe alikuja, akapitisha kidole juu ya kiraka, akalikunja tanga na kulipakia. Hakusema neno. Mama akatupa tanga kuukuu lililokwisha kazi tuanikie mahindi, nasi tukaliviringisha na kupanda nalo basi la Bariadi.